Pazia la Hilda

Askerby, Novemba

Mdogo wangu mpenzi Muriel,

Pokea salamu zangu, na za paka, ambaye hajui adabu za kusalimu. U hali gani? Goti je? Na hiyo dawa ya presha, unaimeza au unaificha kama zamani? Sweta uliyonitumia imenitosha. Rangi yake inatisha, lakini inatia joto. Mimi sijambo, ingawa ukisoma mpaka mwisho utaona kwamba si kweli yote.

Duka la Cartwright limefungwa. Mkate na maziwa sasa tunafuata mjini kwa basi la Jumatano. Kanisa dogo limegeuzwa nyumba ya mtu, na pale penye mimbari, naambiwa, wameweka jokofu. Baa bado ipo, lakini ukiagiza viazi unaletewa juu ya ubao, utadhani sahani zimeisha Uingereza nzima. Nyumba za njia yetu karibu zote ni za watu wa London wanaokuja wakijisikia. Jumatatu hadi Ijumaa ni mimi na kunguru.

Najua unasubiri jibu. Tangu Septemba umenisihi nije nikae nawe huko Scarborough, na kila mara nimekukatalia, mpaka ukaniita mkaidi kama punda. Sababu ilikuwepo, ila niliona aibu kuisema.

Unamkumbuka Hilda Thackray, jirani yangu wa ng'ambo ya njia. Tangu tufiwe na waume zetu tulikuwa na desturi yetu: ukiamka unafungua pazia la mbele, na mwenzako akiliona anajua umeamka salama. Hatukupigiana simu, hatukugongeana mlango. Pazia tu. Februari, asubuhi moja, lake halikufunguka. Nikachukua ufunguo wake alioniachia, nikavuka, nikamkuta kitini amekata roho, soksi moja mguuni na nyingine mkononi. Nilimvalisha ile ya pili kabla ya kumwita mtu.

Nyumba akainunua kijana wa London aitwaye Tobias, yeye na mkewe. Wakaja, wakapaka rangi, wakaenda zao. Septemba, nimesimama dirishani na chai yangu, kule hakuna gari wala mtu, mara pazia la Hilda likafunguka. Taratibu, kama mwenyewe alivyokuwa akilivuta kwa ule mkono wake mbovu. Kikombe kiliniponyoka. Jioni likafungwa. Kesho yake, vivyo hivyo.

Nikamwuliza Denise, anayeleta barua, kama ameona mtu mle. Akaniambia Bi Enid tafadhali nisimtie kiwewe, maana tundu la barua la nyumba ile anatia mkono yeye, si mimi. Kasisi naye akaniuliza kama ninalala vizuri. Basi nikanyamaza. Niliogopa, sikufichi, siku kadhaa nilitokea mlango wa nyuma ili nisilitazame lile dirisha. Kisha asubuhi moja nikajikuta nimempungia Hilda mkono. Tangu hapo nikawa namweleza kila kitu, bei ya mkate, mgongo wangu, hata rangi ya hiyo sweta yako. Sasa ningekujaje kwako, nimwache Hilda anafungua pazia na ng'ambo hakuna wa kumwona? Ndiyo sababu yenyewe hiyo. Cheka ukitaka.

Mwezi uliopita Tobias alikuja. Nikamkaribisha chai, nikamwuliza kwa kuzungukazunguka. Akacheka, kijana wa watu, akanionyesha simu yake: juu ya dirisha kuna mota ndogo, anaiamuru akiwa London, ili wezi wadhani kuna mtu ndani. Akabonyeza, na pazia la Hilda likafungwa mchana kweupe, mbele ya macho yangu. Nikacheka naye, nikasema kweli dunia imekwenda mbali. Alipoondoka nililia kuliko nilivyolia mazikoni.

Sasa lile nililokuficha kwenye simu Jumapili. Wiki iliyopita nilianguka sebuleni nikienda kufungua pazia langu, na sikuweza kuinuka. Kwenye upenyo wa pazia langu nililiona dirisha la ng'ambo. Saa yake ilipofika, pazia likafunguka. Nikaita, "Hilda!" Nilimwita kwa sauti, Muriel, na akili zangu timamu. Lake lilikuwa wazi, langu limefungwa, na hakuna aliyevuka njia. Mzimu wake haujawahi kuniogopesha kama nilivyoogopa pale, kwa kujua kwamba haupo. Nililala sakafuni nikigonga ukuta kwa kiatu hadi adhuhuri, Denise alipopita akanisikia. Nyonga haikuvunjika, imevimba tu.

Kwa hiyo nauliza, mimi punda wako: kile chumba cha nyuma bado kipo? Sitakuwa mzigo, na chakula chako nitakula bila kulalamika, au nitajaribu. Nina ombi moja tu. Asubuhi, kabla hujaweka birika motoni, gonga mlango wangu. Nisipoitika, ingia.

Nisalimie majirani zako wote, hata yule mwenye mbwa.

Ni mimi dada yako,
Enid