Mtego wa Baba

3 Machi

Mwanangu,

Hujambo huko? Mimi mguu umetulia, ila usingizi bado. Jana baba yako ameniandikia. Usishtuke. Tulimzika mwezi wa nane, na jana asubuhi barua pepe imetoka kwenye anwani yake, inaniuzia dawa ya kuotesha nywele! Yeye aliyechapa kwa kidole kimoja, akiniuliza, "Herufi K imehamia wapi?" Majirani nao wamepata. Fundi viatu kanitania: "Shemeji, kumbe mzee kafungua duka huko?" Nilicheka, nikaingia ndani nikalia.

Kazi yako ni kuchuja barua taka. Huyu sitaki umchuje. Nataka aumie.

Mama yako

9 Machi

Shikamoo Mama,

Sisi wazima, mjukuu wako ameota jino. Mwizi huyo aliotea nywila ya Baba, nimeshaibadilisha. Vita hivi ni vya zamani. Mwaka 1978 muuza kompyuta alituma tangazo moja kwa watu kama mia nne, wakamkaripia, wenzake wakaona njia. Tukazuia maneno yao, wakayaandika vibaya makusudi. Sasa tunatega: anwani isiyo na mtu. Asiyekuwepo hajaomba barua kwa yeyote, basi kila anayemwandikia ni mwizi, na tunamfungia milango yetu yote. Anwani ya Baba wanayo tayari. Niitege?

Mwanao

12 Machi

Mwanangu,

Pole kwa jino la mjukuu. Nimekubali kabla sijamaliza kusoma. Baba yako alikuwa mpole mno; aliyemwibia baiskeli alimfuata kumpa pampu. Mimi pampu sina. Tega, wanase hadi wa mwisho.

Mama yako

2 Aprili

Shikamoo Mama,

Hali yako? Wamenasa elfu kumi na mbili! Yule wa nywele alinaswa siku ya pili, sasa anabisha kila mlango kama mbwa aliyenyeshewa. Mbona kimya?

Mwanao

20 Aprili

Shikamoo Mama,

Nisamehe kwa kukulaumu kwenye simu kwamba hujibu. Kweli ulijibu, barua zako ndizo hazikufika. Leo nimekukuta kwenye orodha ya wezi: "Amenaswa mara saba."

Mama, ulikuwa unamwandikia Baba?

Kabla ya kumfungulia mtu lazima tusome. Nimesoma moja tu: "Mume wangu, yule wa nywele wamemkamata. Usimwonee huruma." Nimekufungulia. Lakini ukimwandikia tena utanaswa tena, na nikikuachia njia wewe peke yako, wezi watajivika jina lako wapite. Sema neno, niutegue mtego, uendelee kuongea naye.

Mwanao

21 Aprili

Mwanangu,

Hamjambo nyote? Mimi mzima, jana nimelala vizuri. Usiutegue. Baba yako nimeshamwambia ya muhimu, na hata alipokuwa hai hakuwa mtu wa kujibu haraka.

Zile sita zilizobaki zifute bila kusoma. Ni mambo ya watu wazima.

Leo wamenasa wangapi?

Mama yako