Kioo cha Upande Wako

Papa Neema wangu,

Nakuandikia nikiwa kwenye kiti chako, ndani ya gari, kwa sababu ndani ya nyumba mama yako anasali rozari na mimi leo sina sauti ya kuitikia. Mvua imekatika. Mlango wa dereva uko wazi, nimeuvua ngozi, matumbo yake yote yananitazama.

Kama habari hazijakufikia huko uliko: gari lilirudi bila wewe. Mwenzako wa njia ya Walikale alilikuta kando ya barabara, funguo mahali pake, mifuko ya chumvi hakuna, kioo cha upande wako kimevunjwa. Akalileta hadi hapa Masisi, akanipa funguo kwa mikono miwili, na hakuweza kuniangalia usoni. Toka siku hiyo napiga namba yako, na yule mama wa simu ananijibu Kifaransa kilekile. Nimemchoka.

Unajua mvua zetu. Maji yaliingia kwenye kiti, kiti kikaanza kunuka. Mdogo wako alikuja, akakibonyeza kwa kidole, akasema, "Mama Neema, gari iko naoza. Siku ya Mungu nitakuya na mutu wa kuiangalia, tuiuzishe mbele ikufe." Hakusema kwa ubaya. Lakini gari la mtu anayerudi haliuzwi, na mimi nikamsikia anasema wewe hutarudi. Nikaapa moyoni kwamba kabla ya Jumapili kioo kitakuwa mahali pake, nione atasema nini kimeoza.

Basi nikashuka Sake kwa wale wanaouza gari zilizokufa, kipande kwa kipande, nikapata kioo cha aina yetu. Nikakifunga ndani ya blanketi la Neema, nikakibeba mgongoni kwa kitenge, nikapanda pikipiki. Kwenye kilima yule wa pikipiki akageuza shingo. "Mama, mutoto gani huyu, hata mu mashimo halie?" Nikamwambia iko nalala. Ungekuwepo ungecheka mpaka ushike mbavu. Mimi nilicheka kidogo, kisha machozi yakanitoka nikasingizia vumbi, na mvua ilikuwa inanyesha.

Kazi hii ulinifundisha bila kujua unanifundisha. Mara ngapi kioo kilikwama tukitoka Kitshanga na bidoni za maziwa nyuma? Ulikuwa unakaa ndani unazungusha manivele, ule mkono wa kupandishia kioo, mimi nje nimebandika viganja kwenye kioo nakisukuma kiende juu. Kusema ilikuwa kazi yangu. "Bado," nasema, unazungusha. "Bado." Mpaka kigonge mpira wa juu, ndipo nasema, "Basi." Na wewe unanitolea ulimi nyuma ya kioo, mtu mzima, mfanyabiashara wa Butembo ambaye padri anakupa mkono kila Misa.

Nilitoa manivele, nikafungua skrubu, nikabandua ule ubao wa mlango. Chini kabisa vipande vya kioo vimelundikana kama mahindi yaliyopukuchuliwa. Nilivitoa kwa mkono, na nakuambia ukweli, nilikuwa natafuta damu. Kwenye vipande, kwenye kiti, chini ya zulia. Sikuona. Sijui kama hilo lina maana yoyote, maana mvua nayo imeosha mengi. Nimelishika hilohilo, sina lingine la kushika.

Halafu nikafanya lile ulilonikataza. Mpira wa kioo ulikuwa umekauka, grisi sina, nikachukua siagi. Najua. "Kwenu," ulikuwa unaniambia, "hata kitanda kikilia munakipakaa siagi." Ndivyo tulivyo sisi wa ng'ombe, siagi kwa nywele, siagi kwa mtoto, siagi kwa kidonda. Kioo kiliteleza vizuri mno. Lakini ndama wetu naye amekuja anaulamba mlango wako, namfukuza anarudi, na sina nguvu ya kugombana na ndama.

Kuregle, kukiweka kikae sawa, ndiko kumenishinda. Nikikaza bulo, zile skrubu nene zinazokishika, kioo kinapanda kimelala upande. Nikilegeza, kinazama ndani ya mlango. Nikiwa ndani nazungusha, nje hakuna wa kusukuma. Nikitoka nisukume, ndani hakuna wa kuzungusha. Nimeuzunguka mlango huu kama kuku anayetafuta pa kutagia, mpaka nikaketi kwenye matope na kusema kwa sauti, Papa Neema, hii ni kazi ya watu wawili na wewe ulijua.

Nadhani mama yako alinisikia. Macho yake siku hizi yanaona mwanga tu. Alikuja anapapasa ubavu wa gari, rozari shingoni, akakipata kioo, akaweka viganja palepale nilipokuwa naweka vyangu. "Zungusha, mukamwana." Nikaingia, nikazungusha. Kioo kikapanda, kikapanda, kikagoma karibu na juu. Kimebakiza upana wa kidole, basi, hakitaki tena. Yeye hakuona. Aliendelea kusukuma.

Kisha akauliza, "Amefika?"

Hakusema kimefika, kama tunavyosema kwa kioo. Alisema amefika.

Sikumsahihisha. Nikamjibu, "Bado, mama." Akaongeza nguvu, na mimi nikashika manivele ambayo haikuwa inazunguka tena. Tulikaa hivyo muda, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kutoa mkono.

Sasa amerudi ndani na sala yake. Kesho ni Jumapili. Mdogo wako atakuja na mtu wake, wataona ule upenyo wa kidole. Nitaziba na kitambaa. Kitalowa. Nitabadilisha kingine.

Kwaheri siandiki, hiyo ni ya mtu uliyemsindikiza, na wewe uliondoka asubuhi mimi nikiwa nakamua. Alama za viganja vya mama yako zimebaki kwenye kioo, za siagi, zinaonekana mpaka mistari ya mkono. Nimemfunga ndama mbali ili asizilambe. Njoo uzifute wewe.

Mimi wa kusema bado,

Mama Neema