Kikombe cha Pili cha Chai

Tausi, binti yangu,

Mvua za vuli zimeanza hapa Mtoni. Alasiri, maji yanapopiga bati, nyumba nzima huwa kama imo ndani ya usingizi, nami husikia vijiko vikigongana jikoni. Najua si wewe. Hata hivyo hunyamaza, nisikie vizuri.

Tulipotoka kukuzika, nilikigeuza kiti changu cha barazani kikatazama ukuta. Sikutaka mtu akikalie, hata mimi mwenyewe.

Ulipoiuza ile programu yako ya kupanga zamu za wagonjwa, majirani walidhani utajenga ghorofa. Wewe ukazitia fedha zako katika kampuni changa za vijana, zisizo na hata mteja mmoja. Lakini kwanza uliwaleta kwangu. "Mwelezeni baba," uliwaambia, ukatumiminia chai ya mchaichai, kisha ukajificha nyuma ya dirisha la jikoni. Nikielewa, nilikuita: "Tausi, niongezee chai." Nisipoelewa, nilikifunika kikombe kwa kisahani. Vijana hawakuijua siri hiyo. Mmoja alitoka akijifuta jasho: "Dada, huyu mzee noma! Bora mtihani wa fomu foo." Ulicheka hadi ukashika ukuta.

Nilikuuliza kwa nini unamtegemea mwalimu mstaafu asiyejua kompyuta. Ukasema, "Baba, asiyeweza kukueleza wewe, hajaielewa kazi yake."

Wiki iliyopita alikuja Mashaka, mwenzako wa ofisini, uliyemwambia yeye pekee siri yetu. Alisema wenzenu waliochangia fedha wanataka kuifunga ofisi, kwa kuwa hakuna wa kuchagua kama ulivyochagua wewe. "Mzee, ukikaa tena barazani, tunaendelea. Ukikataa, basi." Nyuma yake alisimama Hidaya, yule msichana wa Kimara uliyeahidi kumsikiliza kabla hujaugua.

Nilitaka kuwarudisha walikotoka. Lakini mvua ilikuwa imezidi, na mgeni hafukuzwi mvuani. Niliandaa chai. Nikakigeuza kiti.

Hidaya alianza vibaya. "Shikamoo mzee. Yaani, ishu yetu ni mfumo wa kidijitali wa..." Nilimwambia aanze upya, kana kwamba anamsimulia bibi yake. Akavuta pumzi. Akasema mama yake ni mama lishe, na kila siku wali ulibaki au ulipungua, maana hakujua mafundi wangapi wangekuja kula. Sasa wanaagiza asubuhi kwa simu, hata kwa kile kisimu kidogo cha kitochi.

"Siku hizi anarudi na sufuria tupu, mzee. Anarudi anaimba."

Niliiona sufuria ile. Niliusikia na wimbo. Baraza ilikuwa kama inaelea juu ya maji, na bila kufikiri nikaligeukia dirisha la jikoni.

"Tausi, niongezee chai."

Mvua tu. Mashaka aliufunika uso wake kwa mikono. Hidaya, asiyejua lolote, aliinuka, akachukua birika, akanimiminia.

"Samahani mzee, sikuona kama chai imeisha. Sukari je?"

Ofisi haitafungwa, mwanangu. Kiti sasa kinatazama njia. Nitawasikiliza wote, wala sitampendelea mtu kwa ajili yako. Asiyeeleweka, nitakifunika kikombe. Nikielewa, nitakuita kwa jina lako, kama siku zote.

Usihangaike kuinuka. Wewe pumzika.

Baba yako