Mgonjwa Ananiamini, Hajui Kuwa Ni Mimi Niliyemdhalilisha

Shikamoo Mama Gwamaka. Naomba unisaidie, na naomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujanihurumia, maana humo katikati kuna jambo nililolifanya kwa mdomo wangu mwenyewe.

Mimi ni nesi, nina miaka thelathini na mitatu, kwetu ni Ihanda lakini kazi yangu iko kwenye kituo kimoja cha afya hapa Tunduma, karibu na barabara kuu, malori ya kwenda Zambia yanapanga foleni kutwa nzima na ukiwa ndani unasikia breki zao za upepo kila dakika. Mwezi wa tatu lori moja lilifeli breki likaingia kwenye meza za wafanyabiashara, na hapo alikuwepo dada mmoja muuza vitenge, nimwite Mariam, pamoja na mdogo wake Bushra. Mariam alikuwa amemwambia mdogo wake akae kwenye kiti chake dakika mbili tu, yeye avuke akachukue chai, na lori lilipokuja lilimkuta Bushra ndiye amekaa. Bushra alifariki palepale. Mariam, aliyekuwa ndiyo kwanza anavuka, alichanwa mkono na kioo kilichoruka, akashonwa nyuzi kumi na nne, akawa anakuja kwetu kubadilisha bandeji.

Siku ninayoiungama ilikuwa Jumatatu, tuko wauguzi wawili badala ya wanne, watu wamejaa mpaka barazani, nimevaa barakoa na kofia, hata jina lake kwenye kadi sikulisoma vizuri. Nimeshaanza kufungua bandeji, lori likafunga breki pale nje, pshhh, yule dada akaruka, akauvuta mkono, akaanza kuhema, vidole vikamkakamaa, akawa anasema, "Nakufa, nesi, moyo unapasuka, nakufa." Nikampima, nikaona hana tatizo la moyo, ni hofu, na badala ya kumtuliza, Mama, nilimwambia kwa sauti huku watu wa kwenye benchi wakisikia, "Dada, acha maigizo. Kidonda chenyewe kinakauka. Wenye ugonjwa wa kweli wanasubiri." Kuna mtu akacheka. Yule dada akainuka, bandeji inaning'inia, akatoka, hakurudi tena.

Baada ya wiki tatu akaja mwanamume mmoja mpole, Abdulwahab, kuomba dawa za usingizi za mke wake. Akasema mkewe hatoki ndani, biashara ameifunga, dirisha la upande wa barabara ameliziba kwa godoro, chakula hali, akisikia lori anaingia chini ya meza, na majirani wengine wanasema ni majini, wengine wanasema ni wazimu. Alipotaja nyuzi za mkono, nikajua ni yule dada. Nikamwambia, shemeji, dawa siwezi kukupa bila kumwona mgonjwa, nitakuja mwenyewe nikitoka kazini.

Nilikwenda bila barakoa, nimejifunga kitenge, hakunitambua. Nilikaa mkekani mbali naye kidogo, sikumgusa, nikamwuliza tu kama anaruhusu niuone mkono, akasema, "Leo hapana," nikasema sawa. Siku ya tatu ndipo akaunyoosha. Nikampigia muuguzi wa afya ya akili aliyeko Vwawa, anaitwa Jastin, nilisoma naye, akawa ananielekeza: hofu ikimpanda usimwambie tulia, kaa naye, mwambie uko hapa na kwamba itapita, akanyage sakafu kwa nyayo zote, atoe pumzi polepole kuliko anavyoivuta, akutajie vitu anavyoviona chumbani. Mara ya kwanza meno yanagongana alitaja, "Jagi. Mkeka. Nesi." Baada ya wiki nne godoro likatoka dirishani. Siku nyingine akanisimulia habari ya kiti. "Kiti kilikuwa changu, nesi. Mimi ndiye niliyemkalisha." Nikalia naye.

Sasa Jastin anasema afike kliniki Vwawa, hali yake inahitaji mtu aliyeisomea kazi hiyo, na barabara ya kwenda huko ni hiyohiyo ya malori. Mariam amekubali kwenda wiki ijayo kwa sharti moja, kwamba niwe naye. Na juzi tulipokuwa tunapanga safari akaniambia, "Wewe ungekuwepo siku ile, yule nesi mwenye barakoa asingeniaibisha. Sijui watu wa namna ile wanapewaje kazi." Akanishika mkono. Mimi nikaitikia, "Ndiyo." Mama, nilisema ndiyo.

Nikimwambia ukweli naogopa atakataa kwenda Vwawa, nitakuwa nimemrudisha chini ya meza. Nisipomwambia, kila akiniita dada yangu naona nazidi kumdanganya. Nifanye nini?

Ferista (si jina langu), Tunduma

*

Marahaba, Ferista mwanangu.

Nimeisoma mpaka mwisho kama ulivyoomba, na bado nakuhurumia. Lakini ngoja kwanza nikugombeze.

Ulikosea, na usijifiche nyuma ya foleni. Uchovu naujua, nimefanya uuguzi miaka thelathini na mmoja. Mtu anayehema na kusema anakufa haigizi. Moyo wake unakwenda mbio kweli, vidole vinakakamaa kweli, na kifo anakiona kweli. Darasani ulifundishwa hivyo, ukasahau siku ulipohitajika kukumbuka.

Na hiyo "ndiyo" yako imenikera zaidi ya lile "acha maigizo". Jumatatu ile ulikuwa umezidiwa. Juzi ulikuwa umekaa mkekani, hakuna anayekuharakisha.

Kwa hiyo utamwambia. Usifanye hivyo ili wewe upate nafuu. Yule dada aliacha kuwaamini wauguzi na sasa anaanza tena kupitia kwako, na Tunduma watu wanaongea. Aliyecheka pale kwenye benchi huenda anakujua. Mariam akiyasikia kwa mwingine, ataona hata wiki zote ulizokaa naye zilikuwa uongo. Hazikuwa uongo, mimi nimeziona katika barua yako, lakini yeye atajuaje?

Namna ya kumwambia ni hii. Usiseme siku ya safari, wala ndani ya gari. Kwanza mpigie Jastin umweleze yote, hata ya aibu, ili awe tayari kumpokea Mariam hata kama wewe hutakuwepo. Haifai matibabu ya mtu yasimame au yaanguke kwa sababu ya nesi mmoja. Hakikisha Abdulwahab yuko nyumbani. Nenda mchana, Mariam akiwa ameshakula. Mwulize kama yuko tayari kusikia jambo gumu kutoka kwako. Akisema leo hapana, unajua cha kufanya. Akikubali, sema kwa maneno machache: yule nesi ni mimi, nilikosea, wewe hukuwa unaigiza. Halafu nyamaza. Usimweleze kwamba mlikuwa wawili badala ya wanne. Usilie mpaka yeye ndiye akubembeleze. Wala usimwombe akusamehe palepale, maana mgonjwa akiombwa hivyo hukubali kwa adabu tu. Akikufukuza, mwachie tarehe ya kliniki na namba ya Jastin, uondoke kwa heshima.

Abdulwahab naye mwambie waziwazi kwamba mke wake hana wazimu. Kama anataka kumsomea dua, amsomee, na Vwawa ampeleke vilevile.

Jambo jingine hukuniuliza, lakini nitalisema. Umekuwa ukitoka kazini unakwenda kukaa na kifo cha Bushra wiki hizi zote, na hakuna aliyekaa na wewe. Tafuta mtu akusikilize. Na mkibaki wawili tena badala ya wanne, nenda kamwambie mganga mfawidhi, mkuu wa kituo chenu. Hasira hiyo umpelekee yeye, haimhusu aliyekuja na kidonda.

Nimemaliza kugombeza. Nenda, mwanangu.

Mama Gwamaka

*

Wasomaji wangu, jibu hilo nilimtumia Ferista kwa simu kwa kuwa safari ilikuwa imekaribia, sikungoja gazeti. Baadaye aliniandikia tena. Ninaiweka meseji yake hapa kwa ruhusa yake na ya Mariam.

"Mama, nilimwambia Jumamosi mchana. Alinitazama sana, akauliza, 'Wewe?' Nikasema, mimi. Akasema, 'Toka kwangu, nesi.' Nikaacha karatasi ya kliniki mezani nikatoka. Siku nne kimya, nikajua nimeharibu. Siku ya tano shemeji akapiga simu. 'Anasema twende. Ila anasema ukae mbele na dereva, hataki kukuona uso.'

"Tulikodi gari dogo. Tulipofika Mpemba, hapo njiani, malori yakatubana huku na huku, moja likaachia upepo ubavuni mwetu kabisa, nikamsikia Mariam nyuma anaanza kuhema. Mikono yangu ilitaka kumfuata, lakini sikugeuka. Shemeji akasema, 'Niko hapa, mke wangu. Itapita. Toa pumzi, toa tena.' Nikajua alikuwa akitusikiliza siku zote akiwa uani. Mariam akaanza kutaja vitu, 'Kioo. Kofia ya dereva. Wewe.' Akataja vitu vingi, hata malori yenyewe akayataja kwa rangi zake, mpaka foleni ikasogea.

"Jastin alimpokea vizuri, wakakaa zaidi ya saa nzima. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, akaja moja kwa moja nilipokuwa nimesimama. Akasema, 'Bado nina hasira na wewe.' Nikasema, najua, dada. Akasema, 'Ulikuja kwangu siku nyingi.' Nikanyamaza kama ulivyoniambia. Halafu akasema, 'Wiki ijayo usije. Nitakuja na mume wangu.'

"Kwanza moyo uliniuma, Mama, sitakudanganya. Lakini tulipokuwa tunarudi nilimwona kwenye kioo cha dereva, amelala, kichwa begani kwa mumewe, na malori yanapita."