Muhogo Wenye Ladha ya Mshumaa

Jumanne, Julai

Natangaza rasmi, kwa kuwa hakuna mwingine wa kutangaza: gogo la kiwandani halitaingia tena katika nyumba hii ya Kensington.

Mke wangu Mwanaidi ndiye aliyelinunua. Anasema moshi wa kuni unambana kifua, na baridi ya Joburg peke yake yatosha kumtesa. Gogo lenyewe ni unga wa mbao na nta, limefungwa karatasi kama zawadi ya harusi. Linawaka kwa njiti moja, halitoi cheche wala mlio. Moto gani huo?

Mimi mtu wa Tanga, nikiona moto nachoma muhogo. Nikauweka juu yake. Ukaiva vizuri, ila una ladha ya mshumaa.

"Baba Zuhura, karatasi imeandikwa usipikie. Hukusoma?"

"Moto hausomwi, mama. Moto unawashwa."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Eish. Acha acheke. Kesho namfuata yule muuza kuni anayesimama kwenye robot, pale taa za barabarani, nachukua mafungu mawili, nayawasha mwenyewe kwenye meko ya sebuleni, atake asitake.

Jana na leo, tangu tuwashe gogo hilo, Mwanaidi hajakohoa.