Oregano Niliyokuwekea

Jumamosi, Julai 2014

Treni ya kuja huku kwangu Campbelltown imekatika, Neema? Ama hospitali hiyo unayofanyia kazi imekuoa? Mjukuu gani huyu, mke mwenzangu, ananiacha na kuku kwenye friza tangu kiangazi.

Leo nimechoka kungoja, nikampika. Nikafungua chupa ya viungo vya Kigiriki tuliyochanganya pamoja: majani ya oregano, mnanaa mkavu, kitunguu saumu, maganda ya limau. Sikuwa nimeigusa, nakuwekea wewe. Kunusa, hakuna kitu. Nyasi tu.

Jirani yangu Eleni, yule mjane Mgiriki, naye akanusa.

"Imekufa hii. Ulikuwa unamwekea nani?"

"Mjukuu. Kwani wako wanakuja?"

Akaenda bustanini kwake, akarudi na fungu la oregano kavu, bado iko kwenye vijiti vyake. Tukala kuku, tukawasema nyinyi wote mpaka mifupa ikaisha.

Kwenye simu nitakuambia nimeshiba. Hapa daftarini naandika ukweli: naogopa utazoea kunisikia tu.

Fungu lililobaki nimelitundika juu ya jiko. Baridi hii vidole vyangu havifikichi tena. Ukija usiniletee keki ya dukani. Nawa mikono, pitiliza jikoni, uyafikiche majani wewe, mimi nimekaa nakutazama.