Farasi wa Bwana Harusi

Magogoni, Kisauni

Kwako Sharif,

Salamu nakupa kwa sababu nina adabu zangu. Hapa zizini watoto wa mtaa wanaendelea na mafunzo. Kafedha, yule mdogo wao, sasa anapanda bila kushikwa.

Farasi wangu Zabibu anachechemea. Mjomba wako alipokuja kuazima farasi wa harusi, aliahidi kwamba atatembezwa polepole. Wenzako wakamlipulia fataki miguuni, nawe uko juu yake unacheka, unambana mbavu kwa visigino. Mimi ndiye niliyekufundisha kupanda. Nilikufundisha hivyo?

Mwezi wa Ramadhani uliniambia nivumilie, baada ya Idi utawaeleza wazee wako habari zangu, waje kwetu kuposa.

Jina la bwana harusi hakuna aliyenitajia. Nilimsugua Zabibu mpaka akang'aa, nikamsuka nywele za shingoni kwa utepe mweupe, nikamleta mwenyewe hadi mlangoni kwenu. Nilikuwa nimeinama nakaza mkanda wa tandiko, aliposimamisha masikio na kulia, kama alivyokuwa akilia kila ulipoingia zizini. Ndipo nikainua macho.

Usije kumtazama. Akisikia sauti yako atafurahi tena, na hilo sitaki kuliona.

Mimi, mwalimu wako wa farasi,
Mweri